Posa ya Marehemu Kibwana

Siku babu yangu alipokwenda kujitambulisha ukweni, mama wa binti alimkazia macho, akaitua chini sinia ya mihogo, akasema:

"Huyu tulishamsomea hitima."

Kisha akaanguka.

Wakuu, babu yangu mzaa mama, Kibwana Pazi wa Masaki, Kisarawe, siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Kanzu imenyooshwa pasi, kichwani mafuta ya nazi, kijana wa watu anatafuta mke. Nyie mnaowaonea huruma mastaa wa siku hizi kwa masaibu ya umaarufu, kaeni chini kwanza. Haya alinisimulia mwenyewe, na kwetu mjukuu ni mtani wa babu, kwa hiyo nikimchana msinishangae.

Kipaji chake kilianzia msibani.

Kwa sisi Wazaramo, babu akifa, wajukuu wana ruhusa ya kufanya vituko mbele ya wafiwa. Kwenye matanga ya babu yake, Mzee Mwinyijuma, Kibwana alikuwa bado mdogo. Akavaa koti la marehemu likaburuza chini, akakohoa kikohozi chake kilekile, akaenda kuwakaripia wajane kwamba kisamvu hakina chumvi.

Wajane walicheka huku machozi yanawatoka. Tangu hapo hakuna msiba wa ukoo uliofanyika bila yeye. Hilo ndilo lilikuwa jukwaa lake.

Hii ni miaka ya thelathini, enzi za Mwingereza. Siku moja akapita mzungu wa sinema za mafunzo, na mkalimani wake Lucian, kijana wa misheni. Mzungu akasimama kumtazama mtoto anavyomuigiza marehemu, akanong'ona.

Lucian akamfuata mama yake Kibwana. "Mama, Bwana anamtaka mtoto huyu."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Bwana anataka afe."

"Afe?"

"Kidogo tu, mama. Kwenye picha."

Aisee, mama alikuwa keshashika mchi. Mpaka aeleweshwe, Lucian alikuwa ameshazunguka nyumba mbio.

Sinema yenyewe ilihusu choo. Mzee mbishi hataki kuchimba choo, mtoto wake anakunywa maji machafu, anaumwa tumbo, anakufa, mzee anajuta. Kibwana ndiye alikuwa marehemu. Mara ya kwanza alikufa vizuri, ila nzi akamwingia puani akapiga chafya kaburini. Mzungu akamfufua, akafa upya. Malipo yake kaptura mpya na kopo la jemu, akajiona katajirika.

Gari la sinema likazunguka vijijini. Masaki walicheka mpaka basi, maana maiti yao ilikuwa imekaa nao mbele inakula muhogo. Lakini Misugusugu hawakumjua. Huko, shuka jeupe lilipoonyesha mtoto anakata roho, watu waliangua kilio cha kweli. Kina mama wa Kongowe, kijiji jirani, waliokwenda kutazama, walirudi kwao wakachanga mchele, wakamsomea hitima.

Wazungu walifurahi sana. Wakasema somo limeeleweka. Choo hakuchimba mtu.

Baadaye walipotaka kutengeneza sinema nyingine, Kibwana akajipeleka mwenyewe. Bwana akamtazama kwa huzuni. "Haiwezekani. Watu wanakujua kama maiti."

Ustaa ukaishia hapo. Sauti ikakomaa, akarudi kwenye mihogo na mikorosho.

Tuje sasa kwenye miaka ya hamsini. Kibwana akampenda Swaumu, binti wa Kongowe aliyekuja Masaki kumtembelea shangazi yake. Mjomba wake Kibwana, Abdala, akawa mshenga. Posa ikapokelewa bila neno. Ikabaki kijana aende akaonwe, ndipo ikatokea ile ya sinia.

Mama huyo aliitwa Biubwa, mmoja wa wale waliosoma hitima; ule uso wa kwenye shuka hakuusahau hata ulipoota ndevu. Alipozinduka alisema jambo moja tu, "Simwozi mwanangu maiti," akaingia ndani.

Mumewe, Mzee Mashaka, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda ushahidi. Akamwambia Abdala, "Leta mtu wa kuaminika athibitishe kwamba kijana wenu hajafa."

Abdala akaona amtafute mkubwa. Akamleta Bwana Afya, mzungu aliyejua Kiswahili na aliyeipenda ile sinema kuliko watoto wake.

Bwana Afya akasimama mbele ya watu. "Mimi namjua sana! Mwaka jana nilikwenda likizo London. Nikamwona huyuhuyu sebuleni kwa mama mkwe wangu, ndani ya sanduku la picha. Mdogo hivi!"

Akaonyesha kwa vidole.

"La ilaha illallah," watu wakaitikia.

Mashaka akamgeukia Kibwana. "Mwaka jana wewe ulikuwa wapi?"

"Masaki, mzee. Nalima."

"Uliwahi kupanda meli?"

"Hata ngalawa sijapanda."

Mashaka akawatazama watu wake. "Mmesikia wenyewe."

Abdala alinyoosha mikono. "Mwanangu, tafuta mke kwa watu ambao hawakuona sinema."

Kibwana alilia. Hapo hakuigiza. Alimpenda Swaumu, na Swaumu naye alishaapa kwa shangazi yake kwamba haolewi na mwingine. Asubuhi moja akaamua kwenda Kongowe mwenyewe, bila mshenga, jambo ambalo ni aibu. Akamkuta Biubwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Alisubiri mama apige yowe, hakupiga.

"Mama, huniogopi?"

"Nikuogope nini? Najua u mzima. Maiti haitoki jasho namna hiyo."

"Sasa mbona unaninyima Swaumu?"

Biubwa aliendelea kumenya.

"Wiki ile lilipokuja gari la sinema, nilikuwa nimetoka kuzika. Mwanangu wa kwanza, hata kukaa hajaanza. Tumbo la kuhara, hilohilo lenu la kwenye picha. Nikataka kulia, wakaniambia nyamaza, kile ni kimalaika, hakina dhambi, hakiwekewi matanga. Kesho yake wakanipa jembe."

Kisu kikasimama.

"Nikakuona wewe pale kwenye shuka. Nikalia. Watu wote wakalia pamoja nami, hakuna aliyeninyamazisha. Nikarudi, nikapika, tukasoma. Miaka yote hii nikajua nimemaliza. Halafu unakuja hapa, umepaka mafuta, unataka mke. Ukiwa wewe u hai, mimi nilimlilia nani?"

Babu anasema alishakufa mbele ya wazungu kwa kila namna waliyotaka, lakini siku hiyo hakujua afanye uso gani.

Mwisho akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Mama akaweka kisu chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Saburi."

Kibwana aliondoka, akarudi na mchele na mbuzi. Akamwambia Mzee Mashaka harusi isubiri, kuna hitima kwanza. Mwalimu wa chuo cha Kurani akanung'unika kwamba mtoto mchanga hasomewi. Kibwana akamjibu, "Mwalimu, mimi mlinisomea nikiwa hai. Huyu aliyekufa kweli anawashinda nini?"

Ikasomwa. Mwalimu alipouliza dua ni ya nani, Biubwa alilitaja jina kwa sauti ambayo hata wapita njia walisikia. Mashaka, baba yake mtoto, akainama akafunika uso kwa kofia yake. Alikuwa hajawahi kulisikia likitajwa mbele za watu.

Swaumu akaolewa. Ndiye bibi yangu.

Nilichojifunza mimi: ukimwona mtu analia kwenye sinema kupita kiasi, usiharakishe kumcheka. Muulize anayemlilia anaitwa nani.