Kizunguzungu Chenye Adabu

Kwetu huku karibu na Garsen, mpunga ukianza kuinamisha masuke, kazi ya jembe inakwisha na kazi ya kelele inaanza. Ndege wadogo wanashuka makundi kwa makundi, na ukikawia kwenye chai utakuta wameshakuvunia. Basi tunajenga dungu, jukwaa la miti lililo refu kuliko mtu. Unapanda na kombeo lako na madonge ya udongo, unaamia ndege, yaani unawafukuza, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Na mimi, bila kujisifu, kwa kuamia ndege sina mwenzangu. Sauti yangu inavuka mto.

Asubuhi moja niliinua kichwa kutazama kundi lililokuwa likija kutoka upande wa mtoni. Mbingu ikageuka. Haki ya Mungu, mbingu, mpunga na mto vilianza kuzunguka, na mimi nimo katikati. Nilijitupa kwenye mbao, nikakumbatia nguzo, nikafumba macho nikiita mama yangu aliyekwisha kufa zamani. Vilipotulia nilishuka ngazi kwa makalio. Mume wangu alikuwa chini ananitazama.

"Hupandi tena," akasema.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Jioni hiyo aling'oa vipandio vyote vya ngazi, akavibeba nyumbani vikawa kuni. Mimi nilisusa chakula kilichopikiwa kuni hizo, nikanuna hasa, mpaka njaa ikanishinda.

Kazi yangu akaichukua yeye, akisimama kwenye tuta. Jamani! Mwanamume yule ana sauti ya kuombea chakula. Anasema "Shii, shii," kama anayeomba radhi, na ndege wanakula huku wanamtazama. Mpunga ule ndio unaotulisha mwaka mzima, na kila jioni nilikuwa nikiona masuke yaliyobaki makapi matupu. Nisipopona mapema, hatuna cha kuvuna. Roho iliniuma kupita kiasi.

Nikaanza kutafuta daktari. Wa kwanza alisema malaria, akapima, hakuna malaria. Wa pili akapima presha, akaona iko sawa, akapima sukari, nayo sawa. Wa duka la dawa akasema nina upungufu wa damu, nile mboga. Mboga! Mimi ninayelima mchicha! Wifi yangu naye akaninong'oneza kwamba labda ni mimba. Nilimwambia wajukuu zangu wako sekondari, aniondokee.

Lililonikera zaidi ni kwamba mbele ya daktari nilikuwa mzima kabisa. "Unasikia kizunguzungu sasa hivi?" "Hapana, daktari." Nikirudi shambani na kuinua macho tu, dunia inazunguka. Nilianza kujiona mwongo. Mmoja akaniambia ni mawazo. Mawazo gani? Mawazo yangu ni ndege tu!

Binti yangu anayeishi Malindi akapiga simu, akasema nije nimwone daktari wa masikio. "Masikio yangu yanasikia umbea wa ng'ambo ya mto," nikamjibu, "kichwa ndicho kibovu." Lakini nilikwenda, maana nilikuwa nimekwisha kuwamaliza madaktari wengine.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, hana haraka. Nilikaa mbele yake kama nilivyolelewa: kichwa chini, mikono mapajani, sauti ndogo. Kwetu mtu wa heshima hakodolewi macho. Akainama anione uso.

"Mama, ukikaa hivyo kizunguzungu kinakuja?"

"Hapana, mwanangu. Kinakuja nikiwa kazini."

Wengine walipofika hapo waliandika jua kali, wakaita mgonjwa mwingine. Huyu akauliza, "Kazi gani?"

"Naamia ndege."

"Hebu amia hapa, nione."

Nikatazama mlango. "Daktari, nje kuna wagonjwa."

"Watatusamehe."

Ala! Basi nikasimama. Nikavua leso yangu, nikaikunja kuwa kombeo, nikainua kichwa mpaka darini, nikageuka kwa nguvu na kuachia sauti yenyewe, ile ya kuvuka mto. Dari ikazunguka. Nikamwangukia daktari, nikamning'inia shingoni. Muuguzi akaingia mbio, nyuma yake wagonjwa wawili, mmoja anasema, "Anapigwa!" Na daktari, chini ya uzito wangu, anacheka machozi yanamtoka.

"Tumekipata," akasema.

Akanieleza kwamba ndani ya sikio mna chembechembe ndogo kama mchanga, nazo zikihama mahali pake, kila ukigeuza kichwa zinakudanganya kwamba dunia inazunguka. Akanikalisha kitandani, akanigeuza kichwa, akanilaza ghafla kichwa kikining'inia. Wee! Nilipiga kelele tena. Akanigeuza upande wa pili polepole, kisha ubavuni, kisha akaniinua. Nikakumbuka ungo, ninavyouzungusha mpaka mchanga unajitenga na mchele. Akarudia tena, halafu akaniambia kikinirudia nami nirudi.

"Na ukienda kwa daktari, mama, usikae kwa adabu," akasema. "Adabu yako ndiyo iliyotuficha ugonjwa."

Nilimkuta mume wangu shambani, sauti imemkauka. Nikamwambia nimepona.

"Tazama juu," akasema.

Nikatazama.

"Geuka. Upande ule. Tena."

Nikageuka kila alivyotaka, na dunia ikakaa pale pale. Wakati huo kundi likatokea upande wa mtoni. Mume wangu akalitazama, akatazama ile ngazi isiyo na vipandio. Kisha akaenda, akachuchumaa chini ya dungu, akashika nguzo.

"Panda," akasema.

Nikakanyaga goti lake, nikakanyaga bega. Akanishika miguu mpaka nikafika mbaoni. Juu nikatupa kichwa nyuma, nikapiga ukelele, na kundi zima likageuza njia. Nililia kwa furaha, sifichi.

Nilipochungulia chini, alikuwa bado amekumbatia nguzo.

"Achilia, baba watoto! Nimeshapona!"

"Wewe angalia ndege," akasema. "Mimi nakuangalia wewe."

Akakaa pale mpaka jua likazama, maana hata kushuka nilihitaji mabega yake.