Ndimu za Medius na Sakafu ya Aber

Medius Mbambu alianza kumdharau mke wa mwanawe akiwa bado mlangoni. Hakuwa hata ametua mizigo. Alisimama pale barazani, akavuta hewa kwa pua, akasikia harufu ya maua ambayo hayakuonekana popote, akajua papo hapo kwamba hii ni nyumba ya mtu anayenunua usafi dukani.

"Karibu, Mama," Aber alimwambia, amepiga magoti kumsalimia.

"Nimekaribia. Hii harufu iko ya nini? Kuna mutu amekufa, munamufunika na marashi?"

Aber akacheka, akidhani ni utani. Masikini, haukuwa utani.

Huyu Medius ni mtu wa Bwera, karibu kabisa na mpaka wa Uganda na Kongo. Ni mjane. Nyumba yake ya udongo ilibebwa na mto siku mafuriko yalipokuja, pamoja na jiko, na choo, na kila kitu isipokuwa mdomo wake. Tangu hapo alikuwa akilala kwa shemeji yake Semu, katika chumba cha kuwekea kahawa, na mke wa Semu akimtazama kila anapochota sukari. Mwanawe Bright, anayefanya kazi kiwanda cha saruji na amejenga Kasese, upande wa Bulembia, aliambiwa kwamba mama anakuja kutembea. Kutembea gani! Mtu wa kutembea habebi godoro. Medius alikuja kukaa. Alitaka kukaa hapo hadi Mungu amwite, awe mtu wa nyumbani, asiulizwe tena na mtu yeyote kwamba atarudi lini.

Lakini aombe? Medius aombe? Thubutu! Mwanamke yule tangu azaliwe hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti. Njia yake ilikuwa moja tu: watu waone kwamba bila yeye hawawezi kuishi. Na kitu alichokijua kuliko wengine wote, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa usafi. Ndiyo maana ndani ya ile mizigo kulikuwa na gunia la ndimu, chumvi ya mawe ya Katwe, na kopo kubwa la majivu. Naam, majivu. Aliyapakata garini kutoka Bwera hadi Kasese kama mtoto mchanga, eti mjini wanapikia gesi, hawana majivu. Na kweli Aber alikuwa anapikia gesi, basi Medius akazidi kujiona nabii.

Siku ya kwanza alizitoa chupa zote chini ya sinki, akazipanga uani: za maji ya bluu, za maji ya kijani, ya vioo, ya choo, ya masufuria, ya kitu gani sijui.

"Sinki iko na maji yake, choo iko na maji yake," alisema. "Wewe hata mukono wako iko na sabuni ya kulia na ya kushoto?"

Walizungumza Kiswahili hao wawili, maana Aber ni mtoto wa Waacholi waliokuja kufuata kazi za saruji, na Kikonzo, lugha ya kina Medius, kwake kinaishia kwenye salamu. Kiswahili cha Medius kilikuwa cha mpakani, cha kununulia vitenge kwa Wakongo, na kilimfaa sana kwa matusi.

"Tutazitumia polepole, Mama," Aber alijibu, akazirudisha chupa moja moja bila ugomvi. Medius akaona upole ule, akauita ujinga.

Haki yake tumpe. Masufuria yaliyokuwa meusi matako aliyasugua kwa majivu na chumvi, akitumia jani la mpapai badala ya brashi, yakang'aa ukaweza kujitazamia. Madoa ya chai kwenye vikombe aliyatoa kwa magadi kidogo. Vioo vya madirisha alivipangusa kwa siki na gazeti kuukuu. Lile sinki lililokuwa linanuka alilimwagia maji yanayochemka na maganda ya ndimu, harufu ikakoma.

"Mama! Hii sufuria ni ile ile?" Aber alishangaa kweli, akaigeuzageuza. "Nifundishe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini akamfundisha binti wa watu. Medius akasonya. "Kwani mama yako alikufundisha nini? Kupaka rangi kucha?"

Aber akaiweka sufuria chini. Hakuomba tena kufundishwa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja cha fahari, nacho ni sakafu ya sebuleni. Saruji nyekundu, laini, imesuguliwa ikateleza kama sabuni iliyolowa. Haikufanywa na fundi wa kukodi. Mzee Ocaya, baba yake Aber, fundi wa sakafu tangu ujana wake, aliipiga kwa mikono yake mwenyewe, amepiga magoti kutwa nzima na mgongo mbovu, wakati binti yake anahamia. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Baada yake aliugua, akafa. Aber aliipangusa kwa maji matupu na kitambaa laini, na viatu viliachwa nje, hata vya mchungaji.

"Mama, fanya unavyotaka nyumba nzima," alimwambia asubuhi moja akienda sokoni, "lakini hii ya sebuleni uniachie. Ni mkono wa baba. Na ndimu inakula saruji, baba alisema hivyo kila siku."

"Inakula? Ndimu iko na meno?"

"Mama, tafadhali."

"Nenda soko yako."

Pengine Medius angeiacha. Lakini asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kwenda zamu, Bright alikuwa amemwuliza mkewe pale barazani, "Mama amekwambia anarudi lini?" Aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyouliza kama kuna mkate. Medius alikuwa nyuma ya pazia, na neno lile likamchoma. Anarudi lini! Anarudi wapi, kwenye magunia ya kahawa ya Semu? Akaona kazi yote aliyoifanya jikoni haijaonekana, kwa sababu mwanamume haingii jikoni. Mwanamume anaingia sebuleni. Leo Bright atakapofungua mlango, sakafu yenyewe imwambie mama yake ni nani.

Akakata ndimu beseni zima. Akakamua, akatia chumvi, akamwaga kuanzia ukuta hadi ukuta, akaiacha ilale kama alivyokuwa akifanya kwenye masufuria. Na ile saruji, jamani, ikaanza kutoa povu. Vipovu vidogo vidogo, vikisema sss, sss. Mtu mwingine angekimbilia maji. Medius alichekelea.

"Sikia uchafu inalia!" alisema peke yake. Akajimiminia chai, akakaa mlangoni akiusikiliza uchafu wa Aber ukilia.

Aliposugua na kusuuza, wekundu ulitoka na maji. Palibaki mabaka meupe, na pale alipopitisha kiganja palikwaruza. Akafikiri ndimu haijatosha, akamwaga majivu juu, akasugua tena kwa nguvu za kichaa. Ikawa mbaya zaidi, nyeupe huku, kijivu huku. Kwao Bwera sakafu ni udongo na samadi ya ng'ombe. Ikiharibika asubuhi unaipaka upya, jua likiwaka imekauka, na yote yamekwisha. Kichwani mwake sakafu zote duniani zilikuwa hivyo. Alikuwa ameinama anajiuliza kwa jirani gani kuna ng'ombe, Aber akatokea mlangoni na kikapu chake.

Aber alivua viatu. Hata wakati ule alivua viatu. Akapiga magoti, akapitisha mkono taratibu juu ya mabaka, akafika katikati ya chumba akabaki pale. Alilia bila sauti, na Medius alitamani apige kelele, atukane, arushe hata sahani, kwa sababu ugomvi aliuweza.

"Ilikuwa muchafu," alisema.

Aber akafuta baka moja kwa ncha ya kitenge chake.

"Munieleze dawa ya kupaka. Nitapaka mimi mwenyewe."

Bright alikuwa amefika kutoka zamu, amesimama mlangoni na vumbi la saruji kwenye nyusi. "Hii siyo ya kupaka, Mama," alisema. "Ya kupaka iko Bwera."

Neno pole lilifika kooni kwa Medius. Lilifika kabisa. Akalimeza, mpumbavu yule, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake aliamka mapema kuliko wote, akakuta vyombo vimeshaoshwa. Uani kumefagiliwa. Kiti chenye mto kimewekwa barazani.

"Keti, Mama," Aber alimwambia, tena kwa magoti. "Chai inakuja."

Alikunywa. Akanyanyuka kuosha kikombe, Aber akakipokea kwa mikono miwili. "Acha, Mama. Mgeni haoshi."

Alipotaka kuchambua maharagwe, sinia likaondolewa polepole mapajani pake. "Utachoka, Mama. Wewe mgeni wetu." Hakuna aliyemnunia. Nyama nzuri ilikuja kwake, maji ya kuoga yalipashwa moto, na Bright alisema akae kadiri apendavyo, kama watu wanavyowaambia wageni. Medius hajawahi kuheshimiwa namna ile maishani mwake, na kila heshima ilimkata kama wembe. Alikaa barazani siku nzima, mikono mitupu, anatazama milima, anajua kosa lake na hajui pa kuanzia kulisema.

Jioni ya Jumamosi, wamekaa kula, alijikaza akauliza hewani, "Gari za Bwera zinaondoka saa ngapi?"

Aliuliza ili mmoja wao aseme, wee Mama, haraka ya nini. Bright alitazama sahani yake.

"Asubuhi na mapema, Mama," Aber alijibu. "Nimeshakuombea kiti cha mbele."