Sahani ya Chizi Nyumbani kwa Kina Akinyi

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu nikimtazama usoni, ndiyo maana naiandika, na ukitaka kunicheka nicheke tu, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka kicheko kikaisha.

Nina miaka arobaini na minne na nimeishi miji mingi kuliko mashati niliyo nayo. Nyama niliiacha Bondo, nilikokuwa naosha sakafu ya machinjio, na chizi, yaani jibini, nikaiacha Nakuru, baada ya Mhindi mmoja aliyenipangisha chumba kuniambia kwamba chizi nyingine hugandishwa kwa maji ya tumbo la ndama aliyechinjwa. Niliporudi Kisumu wazazi walishazikwa. Nikapanga chumba Manyatta, na huko nikampata Akinyi, muuza mboga aliyechoka kukaa peke yake kama mimi, mtu wa kwanza kutoniuliza kama kutokula nyama ni kanisa au ni ugonjwa.

Basi Akinyi akakubali niende kwao Pap Onditi nikajitambulishe. Mwanamume haendi ukweni peke yake, na mimi sina ndugu, nikamwomba jirani yangu Ouma, fundi wa viatu, awe msemaji wangu. Njiani akanionya, "Wewe kula tu. Ukikataa chakula chao umemkataa binti yao."

Nikasema sawa.

Tuliketi sebuleni na baba yake na baba yake mdogo. Mama yake alibaki jikoni nyuma ya pazia, kwa sababu mama mkwe hali pamoja na mkwe. Kuku akaenda upande wa Ouma. Upande wangu kukaja ugali wa mtama, mboga ya mnavu iliyopikwa kwa maziwa siku tatu mpaka uchungu ukaisha, na sahani ya kitu cha manjano kilichokatwa vipande vinene kama sabuni ya kufulia. Chizi! Mama wa watu alikuwa amesafiri mpaka Kisumu, akauliza madukani watu wasiokula nyama hula nini.

Ningeweza kuiacha kimya nikala mnavu, nani angejua? Lakini nikaomba karatasi iliyofungia ile chizi (kwa nini, mpaka leo sijui), nikaisoma pande zote, haikusema imegandishwa na nini, na hapo ndipo nikaanza kuwaeleza wazee, sauti inapanda kama mhubiri wa sokoni, habari za ndama, tumbo, na yale niliyoyaona Bondo.

"Kumbe haya ni matumbo?" Baba mdogo akavuta sahani kwake. "Sasa Bwana, mbona hamkusema mapema?"

Ouma, mdomo umejaa kuku, akanikanyaga mguu. Nikasogeza mguu, nikaendelea. "Na haya maziwa ya kwenye mboga, ndama wake alibakishiwa ya kutosha?"

 Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia (nilikuwa nimesahau kabisa kwamba pazia ni kitambaa tu).

"Baba Akinyi, mwambie mgeni ndama wetu yuko pale nje, amenenepa kumshinda yeye. Na umwambie hiyo chizi niliipakata nimeifunga kitambaa kilicholowa maji kutoka Kisumu mpaka hapa, isiyeyuke."

"Amesikia, Mama," mzee akasema, bila kunitazama.

Nikanyoosha mkono haraka kwenye mnavu, lakini Akinyi alikuwa amekwisha kuingia kutoka jikoni, akaliondoa bakuli kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba nimeshiba.

Alitusindikiza mpaka barabarani. "Niliwaambia unajua kukaa na watu," akasema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Wiki iliyofuata, kwenye meza yake ya mboga alikuwa ameketi mtu mwingine.

Ile karatasi ilibaki mfukoni mwangu. Jumatatu nikapiga nambari iliyoandikwa juu yake, na dada mmoja akanijibu kwa upole, "Chizi yetu haigandishwi kwa kitu cha mnyama, Mzee. Kula bila wasiwasi. Kuna lingine nikusaidie?"

Lilikuwepo. Nikasema hapana, asante.

Nyama bado sili. Lakini nimeapa kwamba mtu akinipikia tena, kabla sijauliza kuna nini ndani ya chakula, nitamuuliza ametoka nacho wapi, na nitamsikiliza mpaka amalize. Tangu siku ile hajanipikia mtu.