Methani Haina Harufu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hadi leo. Nilisema neno la kweli kabisa, na mtu akaungua kwa ajili yake.

Nilikuwa Bibi Maendeleo, afisa wa kufundisha akina mama vijijini, binti wa miaka ishirini na miwili, gauni limepigwa pasi, nimetoka kozi Tabora mjini. Nilipangiwa kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya kwenda Igunga, kwenye ng'ombe wengi. Wanakijiji wenyewe walikuwa wamejenga mtambo wa gesi ya samadi: shimo la saruji lenye kinyesi cha ng'ombe na maji, pipa kubwa la chuma limefunikwa juu yake, na mpira wa kupeleka gesi hadi jiko la chekechea. Watoto wapate uji bila mama zao kuhangaika na kuni. Jambo zuri, sikatai.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha akina mama. Nami nikafundisha, weee! "Methani," nikawaambia warudie, "ni gesi itokayo kwenye kitu kinachooza pasipo hewa. Haina rangi. Haina harufu. Inawaka." Walirudia mpaka wakaangua kicheko. Nikajiona profesa.

Mpishi wa chekechea alikuwa Mama Nyamizi, mkubwa hata kwa mama yangu mzazi. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni pa jiko, kiberiti mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi Maendeleo, hapa leo pananuka yai viza. Mimi siwashi."

Nikacheka, tena mbele ya wenzake. "Mama, tulisomaje? Methani haina harufu! Hicho ni kinyesi tu kinanuka. Washa, watoto wana njaa."

Alinitazama, akaingia. Aliiheshimu elimu yangu kuliko mimi nilivyouheshimu utu uzima wake. Akawasha kiberiti, jiko zima likalipuka moto mara moja. Watoto walikuwa bado nje, Mungu mkubwa. Mama Nyamizi alitoka ameinyoosha mikono mbele, nyusi hana, ngozi ya viganja imebabuka. Kumbe mpira ulikuwa umepasuka ndani, nyuma ya meko, na gesi imejaa humo tangu jana yake.

Kamati ya kijiji ikakaa. Ikasema mpishi amezembea, akipona asirudi jikoni. Nami nikanyamaza. Siku mbili nzima, mwanangu! Naona haya hata sasa ninapokusimulia.

Siku ya tatu nilikwenda zahanati kumwona, mikono yake imefungwa bendeji.

"Lile neno lako," akaniuliza, "lilikuwa la kweli?"

"La kweli, mama."

"Na pua yangu je?"

Akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza: "Shikamoo unanipa kila asubuhi, binti yangu. Siku ile ungenipa na sikio."

Nililia palepale. Jioni nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, nikasema mama alinusa sawasawa, na mimi ndiye niliyemwamuru awashe. Alipopona walimrudisha jikoni, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vilijikunja visinyooke tena. Uji akawa anaukoroga kwa kushoto. Majuto ni mjukuu, wangu ninaye bado.

Baadaye fundi kutoka mjini alinieleza. Methani yenyewe haina harufu, ndiyo. Lakini gesi ya samadi si methani peke yake. Imechanganyika na nyingine, na mojawapo ndiyo inayonuka yai viza. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilimcheka aliyeyaona.

Basi sikia, wewe uliyesoma kunipita. Ukiambiwa pananuka, fungua milango, funga gesi, kiberiti weka mbali, kisha ndipo mbishane. Na mtu asiyejua hata kuandika jina lake akikwambia hapa pana jambo, usimjibu kwa ulichokariri. Nenda naye mkaangalie. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu wa kucheka. Na ukikosea, usikae siku mbili.

Mungu akuzidishie elimu, mwanangu, na akulindie mikono ya wote watakaokuamini.