Uzao wa Mateka

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafundisha historia kidato cha tano, Shinyanga mjini. Wiki hiyo tulikuwa tumefika Marekani. Nilieleza kwa Kiingereza jinsi nchi ile ilivyotanuka kuelekea magharibi, nikaona macho ya wanafunzi yamelala, nikageukia Kiswahili.

"Ndani ya mipaka ya zamani, wenye watumwa na wasiotaka utumwa walivumiliana. Lakini kila ilipotwaliwa ardhi mpya, iliwabidi waulizane: huku watumwa waingie au wasiingie? Kila upande uliogopa mwenzake atapata majimbo mengi zaidi, amzidi kura bungeni."

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini hawakugawana tu?"

"Waligawana. Walichora mstari. Ikapatikana ardhi nyingine, ugomvi ukaanza upya."

Siku chache baadaye baba alinitumia ujumbe kupitia kwa kondakta wa basi: njoo, kuna kikao cha ukoo. Kwetu ni upande wa Geita. Sikusinzia hata kidogo njiani. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena mpaka jirani yangu akaniomba tubadilishane viti.

Nilipofika nilielewa. Kilima cha mawe nyuma ya nyumba zetu, tulikochungia mbuzi, kilikuwa kimeonekana kina dhahabu. Maturubai ya wachimbaji yalikuwa yameshasimama.

Kikao kilikaa mchana, uani kwa baba mkubwa. Baba yake na babu yangu walikuwa watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali, na tangu utoto wangu tuliishi kama nyumba moja. Siku ile alizungumza bila kumtazama baba.

"Malisho tulichangia, sikatai. Lakini kilima ni cha ukoo, na ukoo una wenyewe. Uzao wa mateka ulipewa mahali pa kulima. Haukupewa nchi."

Nilikuwa na shahada ya historia na hilo sikulijua. Mama yangu mdogo ndiye aliyeninong'oneza mkekani: mtemi wa zamani alipokuwa anapanua himaya yake, mzee wetu, baba wa babu yangu, alikwenda vitani akarudi na binti aliyetekwa. Binti huyo ndiye aliyemzaa babu yangu.

Nikasimama. "Baba mkubwa, shikamoo. Naomba niseme."

"Marahaba. Wewe utaolewa, mwalimu. Haya hayakuhusu."

"Kaa, mwanangu," baba akasema taratibu. Nikakaa.

Aliyesema ni bibi, dada yake babu, binti wa yule mateka, ambaye kwa uzee alikuwa haoni tena. Alisema kwa Kisukuma.

"Mama yangu aliletwa hapa akitembea kwa miguu, amefungwa kamba. Mwaka wa njaa mlikula mtama wake. Hakuna aliyeuliza ni mtama wa uzao gani."

Baba mkubwa aliinamisha kichwa, ila maneno yake hakuyafuta. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Kufikia jioni, vijana waliokuwa wakilima kwa jembe moja la ng'ombe walikuwa wameketi makundi mawili, na shangazi zangu walikwenda kisimani kwa zamu, upande huu usikutane na ule.

Serikali ya kijiji ilikuja ikagawa kilima, upande huu na upande ule. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana kwenye bonde pia, na pande mbili zikagombana tena, safari hii kwa marungu. Hapo baba alichoka. Aliswaga ng'ombe wake, akamchukua bibi, wakahamia Kahama. Nilimlaumu, nilimwambia amewaachia. Akanijibu, "Nimewaachia mawe."

Bibi alifariki baada ya masika mawili. Baba mkubwa alikuja msibani na wanawe, wakakaa peke yao chini ya turubai, hawakugusa chakula. Kaburini, wanaume walipoanza kufukia, alisogea mpaka kwa baba.

"Nipe chepe, mdogo wangu."

Baba alisita. Nilidhani atamnyima. Kisha akampa, yule mzee akafukia huku analia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Sikujua kama nifurahi au nikasirike. Nilizunguka nyuma ya nyumba mara tatu, kisha nikaingia jikoni kusaidia kusonga ugali.