Waya Mmoja wa Kwenda Ziwani

Njo mimi, si mwingine, niliyeshusha internet mpaka kando ya ziwa. Shule niliiacha Zongwe, minerval, karo ya shule, ilipokosekana, na wenye diploma wa muji huu wanapokwama wananiita mimi. Nasema bila haya.

Nyumba yangu ya chini ilikuwa na wapangaji wawili: mama muuguzi na maternite yake, pale wamama wanapozalia, na mama anayepeleka ndagala, dagaa wa ziwa, Kongolo kwa treni. Chumba cha tatu kilikuwa biro yangu, watu wanakuja kutumia kompyuta. Wote tulikula kwenye waya mmoja unaotoka antena ya mlimani, na hakuna aliyeona ya mwenzake. Wenye diploma wanaita hiyo VLAN. Mimi niliielewa kwa magunia ya ndagala. Kila mama anafunga kipande chake cha kitenge kwenye mdomo wa gunia. Ndani ya boti magunia yanachanganyika; bandarini kitambaa kinafunguliwa, gunia linakwenda kwa mwenyewe. Swichi ya juu, kisanduku cha matundu ya waya pale antena, inafungia kila mmoja namba yake; swichi ya chini, ya nyumbani, inaifungua. Basi.

Kisha ziwa likapanda. Liliingia mlangoni kama mwenye nyumba, likaua swichi ya chini. Niliagiza nyingine Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nikatazama matundu na taa tu, vile tunavyonunua kila kitu cha huko. Kumbe ni ile isiyojua namba. Inapitisha gunia na kitambaa chake, na kompyuta ikiona kitambaa inalitupa.

"Papa, taa zinacheza kweli," mama wa ndagala akasema. "Internet nayo iko wapi? Inacheza nazo?"

Njia ilibaki moja: swichi ya juu isifunge namba. Lakini hapo waya unabeba mtandao wa mmoja tu, ama tuchanganyike sote. Swichi ya kweli ilikuwa Lubumbashi, na maji hayakungoja.

"Papa, usituchanganye na watu wa biro yako," mama muuguzi akaniambia. "Watasoma magonjwa ya wamama. Na nikikosa kumwita daktari, muntu atanifia hapa."

Nilimpa yeye waya. Mama wa ndagala akahama bila kuniaga. Biro yangu, jasho langu lote, niliifunga kwa mikono yangu. Watu wakasema nimeshindwa. Mimi!

Maji hayakujali. Yalifika chini ya vitanda vya uzazi, watu wakavibeba vichwani kupanda mlimani. Mama muuguzi alinishika mkono. "Pole, Papa. Ulitutendea vizuri."

Sasa nyumba imesimama ndani ya ziwa, na waya unashuka ndani ya maji. Kwenye swichi ya juu tundu la maternite liko vilevile, taa yake imezimika. Kumpa mwingine tundu hilo ni kazi ndogo sana kwangu. Sijampa mtu. Bandarini pia nimeona gunia lisilo na mwenyewe linavyoachwa pembeni mpaka linuke.

Wenye diploma wananiita tena. Siendi.