Tanuru la Ukingoni mwa Mto

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano nilipokubali kujenga tanuru, na zaidi ya mume wangu hakuna aliyejua. Mimba mbili za kwanza ziliharibika mara tu nilipozitangaza, hivyo ya tatu niliifunga kitenge na kuvaa sweta kubwa juu yake. Baridi ya Sumbawanga husitiri mengi.

Ukingo wa mto chini ya mtaa wa Kizwite ulikuwa jalala. Mradi ulipokuja kuugeuza bustani, wenye mradi wakataka pawe na kitu cha kutazamwa, kitu cha Kifipa. Mimi ni mfinyanzi. Kwa kiherehere changu nikapendekeza tanuru la kuyeyushia chuma, refu kupita mtu, kama yale ya mababu ambayo magofu yake bado yamesimama mashambani kwetu. Nilipoanza kukanda udongo ndipo nikakumbuka nililolijua tangu utotoni: mwenye mimba hasogelei tanuru. Tanuru ni bibi harusi, lina tumbo lake, na halitaki tumbo jingine karibu.

Mimi Mkatoliki, rozari naisali, na niliogopa. Nilifanya kazi ubavuubavu, tumbo nimeligeuzia mtoni. Upuuzi, najua. Ukuta ulipanda hadi ukanipita kichwa. Mhandisi wa mradi alikuwa ameniambia nisiache yale matundu ya chini ambayo matanuru ya mababu huwa nayo, watoto watajipenyeza, nami sikubishana.

Asubuhi ya kumalizia, mtoto hakucheza. Nikanywa chai ya sukari nyingi, nikalala ubavu, hakucheza. Badala ya kukimbilia hospitali nikaenda kazini, maana niliogopa kuambiwa. Saa sita mama mkwe akafika kutoka kijijini kuja kuiona kazi yangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Alilitazama sweta. "Miezi mingapi?"

"Sita. Tangu asubuhi hachezi. Nimemuua mwenyewe, mama."

Nilisubiri anitukane. Yeye alilizunguka tanuru pole pole, akiupapasa ukuta.

"Milango yake iko wapi?"

"Wameikataa."

"Mwanangu, umeogopa kulisogelea, hukuogopa kuliziba? Tumbo lisilo na mlango litazaa vipi?"

Akachukua jembe la kuchanganyia udongo. Ukuta ulikuwa bado mbichi. Akatoboa tundu la kwanza, nami nikapiga magoti nikalipanua kwa vidole, huku nikiogopa tanuru lote lisije likatuangukia. Tulifungua matatu tu. Mengine alisema yatangoja, akanishika mkono tukaenda hospitali, matope yakiwa hadi viwikoni. Nesi alikihamisha kipimo chake tumboni kwangu huku na huku, mpaka nikaacha kumtazama usoni. Kisha tukausikia moyo.

Mhandisi alifoka sana. Watu walipoanza kupigia picha pale, akanyamaza.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Jumapili baada ya misa hukimbilia bustanini na wenzake, na kama mhandisi alivyosema, hujipenyeza. Huingia tundu moja akapotelea gizani, wenzake wakicheka. Mimi huzunguka upande wa pili, nikachuchumaa, kitenge nimekishika kwa mikono miwili, na hofu ni ile ile mpaka nione kichwa kinatoka.